Vitabu Vitoke Kabatini

Mkutano wa wazazi katika shule ya msingi una mwendo wake, na kila mtumishi aliyewahi kujikunja kwenye dawati la mwanawe kuusikiliza anaujua. Mwenyekiti wa kamati ya shule hufungua, mwalimu mkuu husoma taarifa, na taarifa hiyo huanza na upungufu wa madawati, ikapita kwenye matundu ya vyoo, ikakaa kwa muda mrefu juu ya chakula cha mchana, ikaishia kwenye utoro. Wazazi huuliza maswali, mengi yakiwa juu ya fedha. Mwishoni kabisa mzazi mmoja wa nyuma husimama na kusema kwamba mtoto wake yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Minong'ono hupita. Mwalimu mkuu hujibu kwamba walimu wanajitahidi, na kwamba wazazi nao hawana budi kushirikiana na shule. Kisha mkutano hufungwa, na neno hilo "kushirikiana" hubaki linaning'inia hewani, kwa sababu hakuna aliyemweleza mzazi yule akifika nyumbani jioni ile afanye nini.

Jambo la kufanya lipo, na wala halihitaji mchango. Mtoto aje nyumbani na kitabu, akae karibu na mtu mzima, asome kwa sauti kwa robo saa, na mtu mzima huyo asikilize. Afanye hivyo siku tano za juma. Hakuna mwalimu wa madarasa ya awali asiyejua kwamba watoto wanaofanyiwa hivyo nyumbani ndio wanaotangulia. Kinachokwamisha shauri hili jepesi ni kwamba katika shule nyingi kitabu hakiruhusiwi kuvuka kizingiti cha shule. Hutolewa kabatini kipindi kinapoanza, kikarudishwa kipindi kinapokwisha, na ufunguo ukawekwa kwenye droo ya mwalimu mkuu. Ziko shule ambazo vitabu vya hadithi vilivyoletwa kwa msaada bado vimo katika maboksi yake, vimefungwa kamba, vikisubiri chumba cha maktaba ambacho hakijajengwa.

Haifai kumlaumu mwalimu mkuu haraka. Vitabu vimeandikwa kwenye leja, na leja ina sahihi yake. Siku ya ukaguzi ataulizwa vitabu 60 vilivyopokelewa viko wapi, na akionyesha 41 hataulizwa ni watoto wangapi wamejua kusoma kwa ajili ya vile 19 vilivyopungua. Ataulizwa vile 19. Mwalimu mwenye mkopo, mwenye watoto wake wa kusomesha, na anayesubiri kupandishwa cheo, akiona kwamba usalama wake uko kwenye kabati lililofungwa, atalifunga. Mtumishi yeyote wa umma aliyewahi kukabidhiwa stoo angefanya vivyo hivyo. Kosa limo katika utaratibu unaohesabu kitabu kisichoguswa kuwa kimetunzwa vizuri, na kitabu kilicholegea mgongo kwa kusomwa na watoto 30 kuwa hasara.

Kwa nini nyumbani, ilhali shule imejengwa kwa kazi hiyo? Hesabu ndogo yatosha kujibu. Darasa likiwa na watoto 90 na kipindi kikiwa cha dakika 30, mwalimu akiamua asifundishe chochote isipokuwa kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja atapata sekunde 20. Katika sekunde 20 mtoto anayeanza hawezi kumaliza sentensi mbili. Kwa hiyo mwalimu husoma ubaoni, darasa zima likaitikia, na katika sauti hiyo ya pamoja wasiojua hujificha nyuma ya wanaojua. Robo saa ya nyumbani, siku tano za juma, ni dakika 75, tena mtoto akiwa peke yake na pasipo pa kujificha. Shule haiwezi kumpa mtoto dakika hizo, hata ikipewa mwalimu hodari kuliko wote wilayani.

Tena Kiswahili kina jambo lake ambalo walimu wa darasa la kwanza na la pili wanalijua, ingawa ni mara chache kuelezwa mbele ya wazazi. Herufi zake ni nyepesi. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, anaweza kutamka karibu kila neno lililoandikwa. Wepesi huo umewadanganya wengi. Mzazi husikia mwanawe akitamka, akaridhika kwamba amejua kusoma. Lakini maneno ya Kiswahili ni marefu, na maana yake imetawanywa ndani ya neno lenyewe. Chukua neno "walipokisoma". Mtoto anayeburuta silabi moja moja, wa, li, po, ki, so, ma, ana mizigo mitano ya kubeba kichwani kwa pamoja: ni wao, jambo limekwisha kupita, ni wakati ule, ni kitabu, nacho kilisomwa. Afikapo "ma" ameshaidondosha "wa". Ametamka neno zima na hakupata kitu. Dawa yake ni wepesi wa jicho, neno lile lile lionwe mara nyingi katika hadithi nyingi hadi lisomwe kwa mkupuo, na wepesi huo hauji ila kwa wingi wa kusoma. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzijua silabi zote akiwa darasa la pili na bado afike darasa la tano akiwa anakokota.

Matokeo yake yameonekana. Utafiti wa Uwezo uliofanywa majumbani mwaka 2010 ulikuta kwamba mmoja kati ya kila watano waliokuwa wanamaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na masomo mengine yakapunguzwa ili KKK zipate nafasi. Mwaka 2016 michango ya lazima ikaondolewa, na watoto wakaja shuleni kwa wingi ambao madarasa hayakuutazamia. Yote mawili yalistahili kufanywa. Lakini la pili lilizidi kupunguza zile sekunde za kila mtoto mbele ya mwalimu, na hapo ndipo nyumba ya mzazi ilipopaswa kuitwa kazini. Haikuitwa. Badala yake neno "bila malipo" lilipokewa na baadhi ya wazazi kana kwamba maana yake ni bila mzazi.

Nchi hii ina kumbukumbu ya kutosha juu ya kusoma nje ya darasa. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mkutano Mkuu wa TANU wa 1971 ukaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe kabla ya mwaka 1975 kwisha. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila mia hawakujua kusoma. Mtihani wa 1975 ulionyesha 39, na ule wa 1986 ukaonyesha chini ya 10. Wanakisomo walikusanyika chini ya miembe, katika ofisi za Chama, kwenye vibaraza vya maduka na vyumba vya kuhifadhia pamba. Aliyejua alimfundisha asiyejua, na mara nyingi aliyejua alikuwa mtoto wa darasa la sita na asiyejua alikuwa mama yake. Hakuna aliyesema kwamba kusoma ni kazi ya shule peke yake.

Kumbukumbu hiyo ina upande wake mchungu pia, nao usifichwe. Wengi waliofaulu mitihani ile walisahau baadaye. Waliorudi shambani na cheti bila gazeti, bila kitabu na bila maktaba ya kijiji yenye kitu kipya, baada ya miaka michache walikuwa wanaweza kuandika jina tu. Mtoto wa leo yumo katika hatari hiyo hiyo kila likizo. Anafunga shule Juni akiwa ameanza kuunganisha maneno, anakaa majuma kadhaa pasipo kuona hata ukurasa mmoja, anarudi Julai na mwalimu anaanza kumrudisha alikokwisha kupita.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba wazazi wengi hawajui kusoma, au wanajua kidogo. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linachukuliwa kuwa kubwa kuliko lilivyo. Kinachomfanya mtoto asome ni kusikilizwa. Mama anayesonga ugali anaweza kusikiliza. Anaweza kuuliza, "Kisha ikawaje?" na "Kwa nini sungura hakurudi?" Mtoto aliyetamka bila kuelewa hatakuwa na jibu, itambidi arudi kwenye ukurasa. Mama huyo anaweza hata kumkagua. Kama anashuku kwamba mtoto amekariri hadithi kama wimbo, na watoto wengi hufanya hivyo, amwambie aanzie mstari wa chini, au aweke kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa aulize hili ni neno gani. Anayesoma atalisema. Aliyekariri ataanza tena kutoka juu ya ukurasa ili alifikie. Ukaguzi huo hauhitaji cheti.

Lipo suala la lugha. Katika nyumba nyingi za Usukumani, Ugogoni, Umasaini na kwingineko, Kiswahili ni lugha ambayo mtoto anakutana nayo shuleni, na bibi aliye nyumbani huenda akaisikia kwa taabu. Hapo mtoto asome kwa Kiswahili kisha amsimulie bibi kwa lugha ya nyumbani. Hakuna zoezi la ufahamu linaloweza kushinda hilo, kwa maana hawezi kuhamisha asichokielewa. Na bibi naye akitoa ngano yake, mtoto mkubwa aiandike kwenye daftari kwa Kiswahili, na daftari hilo tayari ni kitabu cha mdogo wake. Pingamizi la taa nalo linajibika. Ambako umeme haujafika, jua la saa kumi na moja jioni linatosha, mradi mtoto apunguziwe safari moja ya maji. Mara nyingi msichana ndiye anayenyimwa robo saa hiyo, huku kaka yake akiwa uwanjani. Wazazi na walimu walitazame jambo hilo bila aibu.

Lakini wazazi wasiosoma wamesemwa vya kutosha. Wanaopaswa kutazamwa kwa jicho kali zaidi ni wale wanaosoma. Mtumishi wa serikali hurudi nyumbani na bahasha, mafaili na gazeti. Mwalimu hurudi na madaftari 90 ya kusahihisha. Sebuleni mna televisheni na makochi yenye vitambaa, na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni. Kitabu hakimo. Ikiwa kipo, ni kile cha mitihani. Mtoto wa nyumba hiyo hulipiwa tuisheni jioni na Jumamosi, na fedha ya tuisheni ya mwezi mmoja ingetosha kununua vitabu kadhaa vya hadithi. Baba akiulizwa husema hana muda, naye akiwa ameishika simu mkononi tangu taarifa ya habari ilipoanza. Mtoto hujifunza kwa kutazama. Asiyewahi kumwona mtu mzima akisoma kwa kupenda, hana sababu ya kuamini kwamba kusoma ni kitu zaidi ya adhabu ya shule.

Utumishi haujapata kuwa kizuizi cha jambo hili. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali katika sehemu kubwa ya maisha yake, katika idara ya forodha, ya mifugo, na katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Vitabu vyake aliviandika katika maisha hayo ya ofisi. Miongoni mwake zimo tenzi mbili alizowatungia watoto wake mwenyewe, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe, ili wawe na cha kusoma kutoka kwa baba. Hakuna anayemtaka kila karani awe malenga. Robo saa ya kusikiliza ni kitu kidogo sana kikiwekwa kando ya hayo.

Shule nayo inacho chombo ambacho haijakitumia, nacho ni habari zake yenyewe. Shule ya msingi ni jumuiya yenye mambo mengi kila mwezi. Timu ya mpira wa pete imeshinda, bustani ya mchicha imevunwa, mwalimu mpya ameripoti, kisima kimeharibika, darasa la pili limemaliza kitabu chake cha kwanza. Habari hizi humfikia mzazi kwa njia mbili tu. Ama mtoto hutumwa kwa mdomo, "Mama, mwalimu amesema ulete elfu mbili," ama ujumbe hutumwa kwenye kundi la simu la wazazi, ambako mtoto mwenyewe hauoni. Yafaa ziandikwe. Ukurasa mmoja kwa mwezi, kwa herufi kubwa na sentensi fupi, maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu anayaweza, na kila mtoto aagizwe kuusomea nyumba nzima kwa sauti. Mzazi atasikiliza kwa makini kwa sababu anataka kujua habari, na mtoto atasoma kwa makini kwa sababu safari hii yeye ndiye mwenye habari. Darasa la sita linaweza kuandika ukurasa huo kwa zamu chini ya mwalimu wa Kiswahili. Pasipo mashine ya kurudufu, watoto wa darasa la tatu waunakili kutoka ubaoni kwenye madaftari yao, nako kunakili ni somo. Sharti lake ni moja, ukurasa huo usigeuzwe kuwa orodha ya michango. Siku utakapoanza na fedha, hautasomwa tena.

Vitabu ni vichache, na hilo ni kweli. Kitabu kimoja cha kiada kikigawanywa na watoto watatu au wanne, hakiwezi kulala kwenye nyumba nne usiku mmoja. Lakini kinaweza kulala kwenye nyumba nne kwa siku nne. Vitabu vya zamani vilivyoondolewa mtaala ulipobadilika vimerundikwa stoo vikiliwa na mchwa, na hadithi zilizomo hazijaharibika kwa kubadilika kwa mtaala. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwezesha hadithi nyingi za watoto kuandikwa na kuchapishwa kwa Kiswahili na kupelekwa shuleni, na baadhi ya nakala zake bado ziko katika makabati yanayozungumzwa hapa. Zianze hizo. Zitapotea chache. Nyingine zitarudi na alama ya mafuta ya taa, na ukurasa mmoja utakuwa umefungiwa karanga. Mwalimu aliyeona hayo asivunjike moyo, na aliye juu yake asimvunje moyo.

Na hapa ndipo suala linaporudi mezani kwa maofisa. Hakuna mwalimu mkuu atakayefungua kabati kwa hotuba. Atalifungua kwa barua. Afisa elimu wa wilaya anaweza kuandika waraka wa ukurasa mmoja kwa shule zake, wenye kusema kwamba vitabu vya hadithi na vya kiada vya darasa la kwanza hadi la nne vitaazimwa nyumbani kwa daftari maalumu. Kwamba kitabu kilichopotea kikiwa kimeandikwa katika daftari hilo kitafutwa kwenye leja kwa utaratibu, pasipo mwalimu kudaiwa. Na kwamba kamati ya shule itapokea kila muhula taarifa ya vitabu vilivyoazimwa, kama inavyopokea ya madawati. Wathibiti ubora wa shule, wanapofika na kuomba leja, waombe na daftari la kuazima. Wakilikuta tupu, waulize kwa nini. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kipewe safu yake kwenye leja, kitenganishwe na kile kilicholiwa na mchwa.

Jumuiya ya Wazazi, ambayo mizizi yake iko katika chama cha wazazi kilichoanzishwa 1955 ili watoto wa Kiafrika wapate shule, inaweza kulichukua jambo hili katika kata bila kungoja bajeti. Kazi ya matawi itakuwa kupita kwenye mikutano ya wazazi, na badala ya kuhimiza ushirikiano kwa jumla, kumsimamisha mtoto mmoja na mama yake mbele ya mkutano, wakae kwenye benchi, mtoto asome na mama aulize, kwa dakika tano, ili kila aliyehudhuria aone lenyewe linafanywaje. Mzazi wa nyuma aliyesema mwanawe hajui kusoma ataondoka na kitu cha kujaribu jioni ile.

Shule zitafungwa tena Desemba. Siku ya kufunga watoto hupanga mstari, hutajwa walioongoza, hupewa daftari na kalamu, kisha hukimbilia nyumbani. Wanaoongoza ndio aghalabu wenye vitabu nyumbani. Mwaka huu mstari huo upitishwe mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu, ukianza na wale wa mwisho, kila mtoto atoke na kitabu kimoja kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, na jina lake liandikwe kwenye daftari la kuazima kabla hajavuka lango.